Mzazi anakwenda nje kulea mjukuu? Soma yaliyomkuta mama yangu kabla hujajaza fomu ya bima

#1 Binti_Kibosho (Moshi)

Wakuu, habari zenu. Wakubwa shikamooni.

Jambo hili nimekaa nalo karibu mwaka mzima kwa sababu mama hakupenda lisemwe. Jumapili iliyopita tukitoka misa kanivuta pembeni mwenyewe: "Waandikie wenzako. Mama wa pale juu naye anakwenda Marekani baada ya Pasaka." Basi naandika kwa ruhusa yake.

Mama ana miaka 68. Ana presha tangu 2011, na sukari anayotumia vidonge. Mdogo wangu anaishi Ujerumani, mwaka jana mwezi wa pili alijifungua, na mama akaenda kumpikia mtori na kumshikia mtoto kama desturi yetu ilivyo. Tulijiandaa miezi mitatu. Koti tulinunua, soksi nzito tulinunua, ulezi tulisaga. Upande wa afya tulifanya kitu kimoja tu, bima, na hiyo ni kwa sababu ubalozi unaidai: viza ya Schengen (ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, Ujerumani ikiwemo) haitoki bila bima ya angalau yuro 30,000 inayobeba dharura, kulazwa, na kurudishwa nyumbani mtu akiwa mgonjwa au akiwa marehemu.

Wakala alifungua fomu kwenye kompyuta akauliza, "Mama ana ugonjwa wowote wa muda mrefu?" Sijafungua mdomo akasema, "Tuandike hapana. Ukisema ndiyo bei inapanda, na wanaweza wakakataa kabisa." Nikanyamaza. Uzi huu wote unatokana na kunyamaza kule.

Mama akapanda ndege KIA, uwanja wetu wa Kilimanjaro, jioni, asubuhi yuko Amsterdam, akabadilisha ndege. Alipewa kiti cha dirishani. Usiku kucha hakuinuka hata mara moja, kwa sababu vijana wawili waliokaa kando yake walikuwa wamelala na akaona haya kuwaamsha. Na kwa kuwa hakutaka kwenda msalani, akaacha kunywa maji. Baadaye ndipo alipotuambia sababu nyingine: alikuwa amemtazama mtu mmoja akihangaika na mlango wa choo cha ndege, akaogopa naye atashindwa kuufungua mbele za watu.

Siku ya nne mguu wa kushoto ukavimba kwenye shavu la mguu. Akajiambia ni baridi. Akapasha mafuta akaukanda kwa nguvu, usiku, mlango umefungwa, ili mzazi asihangaike. Siku ya sita akipanda ngazi pumzi ikakata na kifua kikamchoma. Mdogo wangu akapiga 112. Hospitali wakakuta bonge la damu limetoka mguuni na kukwama kwenye mapafu.

Sasa sikilizeni. Daktari anauliza anatumia dawa gani. Mama anajibu, "Kile cheupe kidogo cha asubuhi na kile kikubwa cha baada ya kula." Dawa zenyewe zilikuwa kwenye vile vibahasha vya karatasi tunavyopewa hapa dukani, vimeandikwa 1x1 na 1x2, basi. Jina hakuna. Mimi huku Moshi saa nane usiku niko chumbani kwa mama na tochi ya simu natafuta kadi ya kliniki. Niliikuta ndani ya Biblia. Nikapiga picha nikatuma kwa WhatsApp.

Mama alipona, Mungu ni mwema. Bima ilipoletewa madai ikaomba rekodi za hospitali, ikakuta presha na sukari, ikafungua fomu yetu ikakuta "hapana". Hawakulipa. Mdogo wangu analipa lile deni kila mwezi mpaka leo, akiwa na mtoto mchanga.

Wiki ijayo mama anasafiri tena. Mtoto anatimiza mwaka, na ubatizo umeahirishwa kumsubiri bibi yake. Safari hii nataka nijiandae kama binadamu. Wenye ujuzi njooni, na wenye wazazi wanaosafiri someni.

#2 Nesi_wa_Pasua

Pole sana dada, na pole kwa mama. Ngoja niseme la mguu kwanza maana ndilo linaloua.

Mguu MMOJA ukivimba baada ya safari ndefu, ukawa wa moto au unauma kwenye shavu, USIUKANDE. Usiweke mafuta wala usivute mishipa. Ukikanda unaweza kulisukuma bonge lipande. Mtu aende hospitali siku hiyo hiyo. Miguu yote miwili ikivimba sawasawa hiyo ni kawaida kwa waliokaa sana, hupungua baada ya siku moja mbili. Huo mmoja ndio wa kuogopa, na hatari haiishi siku ya kushuka kwenye ndege, inaendelea wiki kadhaa.

Kinachosababisha ni kukaa. Damu ya miguuni inarudishwa juu na misuli ya shavu la mguu inapokunjika, na mtu asipoinuka damu inatulia, ikitulia inaganda. Safari yoyote inayozidi saa nne ina hatari hii, hata basi la Moshi hadi Dar usiposhuka njiani. Wenye hatari zaidi ni wazee, wanene, wajawazito na waliojifungua karibuni, waliofanyiwa upasuaji, wenye saratani, wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, na yeyote aliyewahi kuganda damu. Mama yako sasa yumo kwenye hao wa mwisho.

Kwa hiyo amwone daktari wake kabla ya safari, wiki hii, aulize mambo mawili: je, ahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda siku ya safari? Na soksi za kubana zinamfaa? Zile soksi usimnunulie mtaani kwa kukisia, zinapimwa mguuni, na mwenye sukari iliyoharibu mishipa ya miguu zinaweza kumdhuru. Kiti achukue cha kwenye njia. Kila saa au saa mbili ainuke. Akiwa amekaa akanyage vidole, anyanyue visigino, kama anakanyaga cherehani.

#3 Chalii_wa_Ngarenaro

Poleni, ila kwa upande wangu hizi bima naona ni kuwapa watu hela bure. Bimkubwa kaenda Marekani mara tatu bila bima, Mungu kamlinda, karudi mzima. Na hospitali za wenzetu hazimwachi mtu afe mlangoni.

#4 Binti_Kibosho

Mdogo wangu, namshukuru Mungu kwa ajili ya bimkubwa. Kweli hawamwachi afe. Marekani wana sheria tangu 1986, chumba cha dharura lazima kikupime na kukutuliza hata kama huna senti. Lakini sheria hiyo haikufutii bili. Bili inakuja kwa posta nyumbani kwa mtoto wako, na ndiye atakayebaki nayo wewe ukiwa Arusha unakunywa chai. Nimeyaona kwa macho yangu.

#5 Mwika_hadi_Minnesota

Nathibitisha aliyosema dada. Na Uingereza watu wanadanganyana kwamba kila kitu bure. Mgeni wa matembezi akiingia idara ya dharura halipi, hilo kweli. Akishalazwa wodini ndipo hesabu inaanza, na mgeni anatozwa asilimia 150 ya gharama yenyewe. Wanafunzi na wenye viza ndefu ni jambo jingine, wao wanalipia ada ya afya pamoja na viza kabla hawajaondoka, na hapo wanatibiwa kama wenyeji.

Niongeze la upande wa pili, la sisi tunaokuja nyumbani Desemba na watoto waliozaliwa huku. Wengi tunasema "sisi ni wa huko, malaria haituwezi". Ile kinga ya utotoni inapungua ukikaa nje, na watoto wetu hawajawahi kuwa nayo. Kihambani, kwenye shamba la ukoo, Mwika juu mbu ni wachache, lakini nani anakaa kihambani wiki nne? Tunashuka TPC kwenye mashamba ya miwa kwa shangazi, tunakwenda Tanga, tunamalizia Zanzibar. Muone daktari huko mliko kabla ya kuja, mpewe dawa za kinga, mlale kwenye chandarua.

Na mkirudi ughaibuni mtoto akapata homa, hata kama ni mwezi wa pili tangu mrudi, neno la kwanza mapokezini liwe "tumetoka Tanzania, mpimeni malaria". Madaktari wa huku wengine hawajawahi kuona mgonjwa wa malaria. Wanaona mafua, wanampa mtoto dawa ya homa wanamrudisha nyumbani. Malaria kali haisubiri kesho.

Wazazi wetu wanaokuja kututembelea nao ni hivyo hivyo. Mama akipata homa wiki ya kwanza Ulaya, inaweza kuwa alipanda nayo KIA.

#6 Mzee_wa_Marangu_Geti

Nimepandisha wageni mlima Kilimanjaro kwa miaka mingi, sasa nimestaafu. Binti, niseme jambo moja lililonijia nikisoma.

Kabla mgeni hajaanza kupanda tunampa fomu. Una presha? Pumu? Moyo? Unatumia dawa gani? Na wageni wengi wanatoa kijikaratasi kidogo kwenye pochi, kimepigwa chapa, kina jina la dawa, kiasi, mzio, kundi la damu, namba ya daktari wao. Mama wa miaka sabini anatoka kwao kilomita maelfu na kijikaratasi hicho kiko kwenye mfuko wa kifuani. Tunamuuliza pia bima yake inafika mita ngapi, kwa sababu kilele kiko mita 5,895 na bima nyingi za kawaida hazimfikishi huko. Asipokuwa na ya mita 6,000 helikopta ikija nani atalipa?

Ukweli wake ndio unaomshusha salama. Mgeni anayeficha kichwa kinamuuma ili afike kileleni ndiye tunayembeba usiku kwa machela. Anayesema mapema tunamshusha mita mia kadhaa, anapata nafuu, wengine wanapanda tena. Kazi ya mlima ilinifundisha kuwauliza wageni bila haya. Lakini mke wangu alipokwenda India kwa matibabu ya macho sikumwandikia hata mstari mmoja. Nimesoma habari ya vibahasha nikainama.

#7 Nesi_wa_Pasua

Shikamoo mzee. Hapo ndipo penyewe.

Dada, karatasi ya mama iwe hivi. Jina lake kama lilivyo kwenye paspoti. Magonjwa yake kwa Kiingereza cha hospitali, daktari aandike mwenyewe na kugonga muhuri. Dawa ziandikwe kwa jina la dawa yenyewe, siyo jina la kampuni lililo kwenye boksi, kwa sababu boksi la hapa na la Ujerumani hayafanani lakini amlodipini ni amlodipini na metformini ni metformini popote. Miligramu ngapi, mara ngapi. Mzio. Na kwa mama yako lile bonge la damu la mwaka jana liandikwe juu kabisa, na dawa anayotumia sasa kwa ajili yake.

Nakala tatu: moja kwenye mkoba wa mkononi, moja kwa mtoto anayempokea, moja picha kwenye simu yako.

Dawa zote zikae kwenye boksi zake za asili, zitoshe safari nzima na wiki mbili za ziada, na zisafiri kwenye mkoba wa mkononi. Begi kubwa linaweza kupotea. Kwa wanaochoma insulini ni lazima kabisa, kule chini ya ndege inaweza kuganda, na insulini iliyoganda imekufa hata ikiyeyuka. Wakaguzi wanakubali dawa za maji zaidi ya mililita 100 ukiwa na barua ya daktari.

Mitishamba nayo mama asifiche! Mizizi, magome, unga wa mlonge, vitunguu swaumu vya kumeza. Mgonjwa wa dawa za kuzuia damu kuganda akichanganya na mitishamba asiyoitaja anaweza kuvuja damu ndani. Wamama wetu wanamwambia daktari vidonge tu, hayo mengine wanaona ni chakula.

#8 Duka_Kilombero

Mimi nakwenda Guangzhou kufuata mzigo. Kwa ufupi: China hospitali wanataka amana kwanza ndipo wakutibu, kwa hiyo weka akiba usiguse. Gari la wagonjwa ni 120. Ukipitia Dubai ukatoka nje ya uwanja, angalia dawa za maumivu ulizobeba. Tramadol na zenye kodeini kule ni dawa zinazodhibitiwa, zinataka kibali kabla hujaingia. Hapa kwetu mtu anabeba tu kama pipi. Kuna watu wamekamatwa kwa hilo.

#9 Sokoni_II

Samahani, mimi naomba kuuliza, kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, ni lazima? Kuna jamaa stendi anasema atanitolea bila kuchomwa. Napita Addis Ababa kwenda kusoma Uingereza, masomo ya mwaka mmoja.

#10 Nesi_wa_Pasua

Mdogo wangu, achana na huyo jamaa leo hii. Homa ya manjano haina dawa ya kuiua, kuna chanjo tu. Ukibeba kadi ya uongo umebeba karatasi, mwili uko wazi. Nenda ofisi za Afya Mipakani au hospitali ya mkoa uulize, uchanjwe kihalali. Kadi inaanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo usisubiri wiki ya safari. Tangu Julai 2016 sindano moja inahesabiwa ya maisha, usikubali mtu akuambie imeisha baada ya miaka 10.

Kila nchi ina orodha yake, na wanaangalia umetoka wapi na umepita wapi. Hata sisi tunadai: ukitoka Kenya kupitia Namanga unaweza kuulizwa kadi. Soma masharti ya unakokwenda na unakopita. Na kwa viza ya Uingereza inayozidi miezi sita, utapimwa kifua kikuu kabla ya kuomba, anza mapema.

Halafu dada Binti_Kibosho: hii ni chanjo ya virusi hai. Mtu aliyevuka miaka 60 na hajawahi kuipata asichomwe bila daktari kumwangalia kwanza, vivyo hivyo wenye kinga dhaifu, wenye mzio mkali wa mayai, wajawazito na watoto chini ya miezi tisa. Kama nchi inaitaka na afya hairuhusu, daktari anaandika cheti cha msamaha.

#11 Binti_Unga_Limited

Assalaam alaykum. Nami niseme la Hijja maana wazee wetu wengi wa Arusha wanakwenda wakiwa wameshachoka. Saudia wanadai chanjo ya homa ya uti wa mgongo ya aina nne, ACYW, angalau siku 10 kabla ya kufika.

Lakini joto! Mwaka 2024 serikali yao ilitangaza mahujaji 1,301 waliofariki, na joto lilivuka nyuzi 50. Wengi walikuwa wale waliokwenda bila kibali, kwa hiyo hawakuwa na mahema ya baridi wala mabasi, walitembea juani. Mzazi wako akiambiwa kuna njia ya mkato ya bei nafuu, mzuie. Baba yangu tulimfundisha kutembea nusu saa kila asubuhi kuanzia miezi mitatu kabla, hapa hapa mtaani, na mwavuli mkononi. Dawa yake ya presha inayomkojolesha, daktari aliipunguza kwa siku zile za joto. Asingeuliza asingejua.

#12 Mangi_wa_Machame

Nilitaka kupita kimya, nimeshindwa.

Kaka yangu alifia nje miaka michache iliyopita. Hakuwa na bima yoyote. Sisi wengine tunajua kuzikwa kihambani ni nini, sihitaji kueleza. Baba alisema hatazikwa ugenini na hatachomwa moto. Tukafungua kundi la michango. Wiki tano, wakuu. Kila siku mama anauliza, "Amefika wapi?" kana kwamba mtoto yuko njiani anatembea. Jirani walichanga, kanisa lilichanga, watu ambao kaka hakuwajua walichanga. Jokofu kule linahesabu siku nalo linadai.

Dada umesema bima ya Schengen inabeba kurudisha marehemu. Mimi ningetaka kila mtu anayetoka hapa kwenda nchi yoyote asome mstari huo kwanza kabla ya mingine yote. Aulize kwa maandishi: mkinirudisha, mnanifikisha Dar, KIA, au mlangoni kwetu? Na kama nikifa kwa ugonjwa ambao sikuutaja, mtanirudisha?

#13 Binti_Kibosho

Mangi, pole mno. Nimelia.

Nimefuata maneno yenu, nawaletea nilipofika. Bima ya kwanza tuliyoiomba, tulipoandika presha, sukari na bonge la damu, wakatukataa. Ya pili wakakubali kwa bei karibu mara mbili ya ile ya mwaka jana, na wakaandika wazi kwamba maradhi ya zamani yakizuka ghafla yamo, ila dawa za kila siku hatulipiwi. Nikawauliza swali la Mangi. Wamejibu kwa barua pepe: hadi KIA, na ugonjwa uliotajwa haumzuii. Barua nimeichapisha.

Mama alipoona fomu imeandikwa magonjwa yote matatu alinyamaza kidogo. Akasema, "Sasa mimi ni mgonjwa kwenye karatasi." Nikamwambia mama, ulikuwa mgonjwa hata karatasi iliposema hapana. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mwaka jana kilibaki kidogo.

Daktari ameandika barua, muhuri upo. Soksi amepimwa. Kiti ni cha kwenye njia, nimekilipia. Vibahasha vyote nimevitupa.

#14 Mzee_wa_Marangu_Geti

Safari njema kwake. Mpe salamu zetu. Utuletee mrejesho.

#15 Binti_Kibosho

Mrejesho, wakuu.

Ameondoka jana jioni. Asubuhi hii saa mbili nimepata sauti yake kutoka Amsterdam, naiandika kama ilivyo:

"Mwanangu, nimefika salama. Nimeinuka kila nilipoamka. Nimekunywa maji chupa mbili, nimekwenda msalani mara nne. Pembeni yangu kulikuwa na mama mmoja wa Usa River anakwenda kwa mwanawe, naye alikuwa ameng'ang'ania kiti kama mimi ule mwaka. Nikamwambia simama mama, twende. Nikamwonyesha mlango. Ule mlango hauvutwi, unasukumwa hapo katikati, unajikunja wenyewe."